Wananipunja Hewa

Jumapili, 6 Aprili

Penseli nzito kama nondo. Wananipunja hewa.

Jumatatu, 7 Aprili

Jana sikuweza kuendelea. Leo binti yangu ameniinulia kitanda, akanichomekea mto chini ya kiwiko, na daftari limekaa vizuri juu ya tumbo. Aliniletea daftari hili ili niombe maji, niombe kugeuzwa, nioneshe panapouma, maana sauti sina. Nina tundu shingoni, ndani ya tundu kuna mrija, na mrija unakwenda kwenye mashine inayonipumulia. Kurasa za mbele ni za kuomba maji. Za nyuma ni zangu, na herufi nazifanya ndogo kwa makusudi.

Niandike ninayoyajua kwa hakika. Nililetwa humu, wodi ya wagonjwa mahututi, nikiwa na homa ya mapafu kabla mvua hazijaanza. Nikalazwa usingizi wa dawa. Nilipozinduka mvua zilikuwa zikinyesha, ndevu zangu zimenyolewa na mtu nisiyemjua, na miguu yangu imekuwa ya korongo. Katikati ya hayo hakuna kitu, isipokuwa jambo moja tu, nalo naliona waziwazi: mikono ya mtu imenikandamiza mdomo. Mikono miwili, na kitambaa. Nami sipati pumzi.

Nimewauliza. Nesi kasema, "Ni ndoto za dawa hizo, mzee." Binti yangu kainamisha macho. Mtoto huyu tangu utotoni akikosa hukutazama usoni mpaka wewe uone haya. Leo anaangalia viatu.

Kazi yangu ni ukaguzi wa mizani. Nimezunguka masoko na maduka na mawe yangu ya kupimia, nikiwakamata wanaobandika sumaku chini ya sahani na wanaochezea springi. Wachuuzi wameniita Bwana Gramu, na si kwa mapenzi. Kwa hiyo mtu asinifundishe kupunjwa kunavyofanana. Anayekupunja haangalii mizani. Anakuangalia wewe usoni na kukuuliza habari za nyumbani.

Nesi wa asubuhi huniuliza habari za nyumbani huku kidole chake kikiwa kwenye kitufe cha mashine.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Mke wangu hakuja.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Mke wangu hakuja. Binti anasema mama ana mafua, na wenye mafua hawaruhusiwi humu. Mafua gani haya yasiyojua kupona?

Alhamisi, 10 Aprili

Leo kaja mwanamke mfupi mwenye kifua cha mpiga mbizi. Wenzake wanamwita Kocha. Ni mtaalamu wa kuwarudishia wagonjwa nguvu za viungo, ndivyo alivyojitambulisha, lakini mimi viungo vyangu hakuvigusa. Alichofanya ni kunichomoa kwenye mashine na kunichomekea kwenye tundu la shingo kidude cha plastiki chenye springi ndani.

"Mzee wangu, ukivuta pumzi, springi inakataa. Wewe usiikubalie. Vuta mpaka ifunguke."

Nikavuta. Hewa haikuja. Nikavuta tena, macho yakanitoka pima. Yeye kasimama pale anapiga makofi: "Vuta! Bado! Vuta, simba wangu!" Springi ikafunguka kidogo, ikanirushia kijihewa kama mtu anayemrushia mbwa mfupa. Aliporudisha mrija wa mashine nilikuwa nimeloa jasho.

Nikamwandikia: KWA NINI UNANIZIBA?

Akasoma, akacheka, akasema, "Nakuzoesha."

Hata mwizi wa kuku huanza kwa kumzoesha.

Ijumaa, 11 Aprili

Jirani yangu ni mzee wa dirishani. Yeye naye ana tundu na mashine, na yeye naye huletewa kile kidude. Lakini anakivuta kwa bidii, akimaliza anamwinulia Kocha dole gumba. Nani mwenye akili timamu humshukuru anayemkaba? Nadhani amewekwa pale ili nione na niige.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimethibitisha. Kwenye kioo cha mashine kuna tarakimu, na ile ya juu kushoto ndiyo inayopima nguvu ya kunisukumia hewa. Najua kwa sababu inaposhuka, nahema. Asubuhi ilikuwa juu. Nesi akaja. "Mzee, umeamkaje? Wajukuu hawajambo?" Kitufe kikalia. Alipoondoka, tarakimu imeshuka. Mchana ikashuka tena.

Sizui mimi. Nina macho.

Mke wangu hakuja. Sasa najiuliza jambo ambalo sikutaka kujiuliza. Mwenye mgonjwa asipoonekana kitandani kwa mgonjwa, huwa amekwisha kupokea habari ambazo mgonjwa hajapewa. Au amekubaliana nao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimesema. Yaani nimeandika, na kwa herufi kubwa.

Binti alipokaa tu nikamfungulia ukurasa: WANANIPUNGUZIA HEWA KILA SIKU KWA SIRI. NILIPOLALA MTU ALINIZIBA MDOMO. NITOE HAPA. Alisoma mara mbili. Uso ukambadilika. Ni binti yangu, damu yangu, akaniuliza tu, "Una hakika, Baba?" Nikamwonesha tarakimu. Akatoka mbio, akarudi na daktari, na nyuma ya daktari Kocha, na nyuma ya Kocha nesi.

"Mnampunguzia hewa baba yangu?" akauliza kwa sauti iliyomfanya mzee wa dirishani ageuze shingo.

Daktari ni mrefu, ana tabia ya kukaa ukingoni mwa kitanda kabla ya kusema. Akakaa. "Ndiyo," akasema. "Tunampunguzia kila siku, na nilimweleza yeye mwenyewe, na wewe nilikueleza. Mashine ikimfanyia mtu kazi yote, msuli wa kupumua unalala. Unakonda. Lazima tuuamshe kidogo kidogo, la sivyo hatatoka kwenye mashine."

"Nikumbuke vipi wakati ule nilikuwa nalia tu?" binti akasema.

Mimi nikaandika: SIKUELEZWA.

"Nilikueleza mara tatu, mzee. Ulikuwa umefumbua macho lakini dawa zilikuwa bado kichwani."

Angalia hoja hiyo ilivyo nzuri. Aliyepunjwa alielezwa, ila hakumbuki. Nimeisikia sokoni mara ngapi! "Nilimwambia kilo haijatimia, akasema sawa." Nikaandika: SITAKI. RUDISHENI HEWA YANGU. KOCHA ASINIGUSE.

Kocha akafungua mdomo, daktari akamzuia kwa kiganja. "Siwezi kumlazimisha mtu kuvuta pumzi," akasema. "Tutakupumzisha siku chache. Lakini kila siku ya kupumzika utailipa, mzee."

Vitisho. Binti yangu akanishika mguu kupitia shuka. Tarakimu ikapanda.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelala kama mtoto aliyenyonya. Mashine inasukuma, mimi napokea. Nimeshinda.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua imepitiliza. Ndoo imewekwa karibu na mlango, paa linavuja. Nimekula usingizi.

Jumatano, 16 Aprili

Mzee wa dirishani leo wamemtoa kwenye mashine akae mwenyewe, mrija mdogo tu wa oksijeni mbele ya tundu. Alikaa tangu chai hadi karibu na chakula cha mchana. Wote wakaja kumpongeza. Alinitazama kwa mbali akainua dole gumba, nikafumba macho.

Kocha anapita kitandani kwangu bila kusimama. Hanuni, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mtu uliyemvunjia mpango wake akabaki anakusalimia vizuri, ana mpango wa pili.

Alhamisi, 17 Aprili

Mke wangu hakuja. Sikuuliza.

Ijumaa, 18 Aprili

Nikitulia naandika. Nikitetemeka naacha.

Asubuhi walikuja wawili kunigeuza na kunibadilishia shuka, nesi na mwenzake. Waliponiviringisha ubavuni, mrija wa mashine ukachomoka shingoni. Nilisikia ule mlio wa "tsss", kisha king'ora. Ulikuwa muda mfupi, mtu wa afya njema angepiga chafya ukaisha. Mimi nilijaribu kuvuta pumzi.

Hakikuja kitu.

Si kwamba kilikuja kidogo. Kifua kilipanda kidogo, tumbo likaingia ndani, basi, kama mtu anayevuta mlango uliofungwa kwa upande wa pili. Nesi alichomeka mrija, akanishika bega, "Pole mzee, pole, umerudi, umerudi."

Wazo la kwanza: wamefanya makusudi. Nimekaa nalo wazo hilo mpaka mchana, nikaligeuza huku na huku kama mzigo unaotiliwa shaka. Lina kasoro. Hewa ilikuwepo. Chumba kizima kimejaa hewa, dirisha liko wazi, mvua inanusika. Hakuna kiganja mdomoni, hakuna springi, hakuna aliyebonyeza kitufe. Kulikuwa na mimi na hewa tu, na mimi nikashindwa.

Na lingine. Wiki iliyopita, Kocha aliponichomoa ili anichomekee kile kidude chake, katikati nilivuta mwenyewe mara kadhaa. Kwa shida, lakini nilivuta. Leo sikuweza.

Sasa nani kanipunja?

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemwandikia nesi: MWITE KOCHA.

Kaja na daktari wakisukuma mashine ndogo yenye kioo, ile altrasaundi wanayowapimia wajawazito. Nikawaandikia kabla hawajasema neno: NIONESHENI HUO MSULI.

Kocha akanipaka jeli ubavuni, jeli ya baridi, akaweka kile kichwa cha kupimia kati ya mbavu. Kwenye kioo ikatokea mistari miwili myeupe, na kati yake ukanda mweusi, mwembamba.

"Huo ndio wenyewe," akasema. "Wanauita kiwambo. Umewambwa chini ya mapafu, juu ya tumbo, kama ngozi ya ngoma. Ukivuta pumzi unashuka na kunenepa. Haya, vuta pamoja na mashine."

Nikavuta. Ukanda ukatikisika kidogo tu.

Nikaandika: NITAJUAJE UNATAKIWA UWEJE? MIZANI HAIKAGULIWI BILA JIWE LA KULINGANISHIA.

Kocha akasoma kwa sauti. Daktari akacheka, akatazama mlangoni kama hakuna mkubwa wake, kisha akachomoa shati kwenye suruali. "Mpime huyu jiwe," akamwambia Kocha. Akapakwa jeli, akaruka kwa ubaridi. Kwenye kioo ukanda wake ulikuwa mnene, na alipovuta pumzi ukavimba na kushuka kama paka anayejinyoosha. Nikatazama wake. Nikatazama wangu. Wake, wangu. Niliwataka warudie, wakarudia.

"Mapafu yako yamepona, mzee," daktari akasema akijifuta. "Kilichobaki ni huo msuli. Homa iliudhoofisha, na mashine ilipokupumulia siku nyingi ukasahau kazi yake. Hili huwapata wengi. Si kosa lako wala si la mtu."

Siku tano nilizojipatia ushindi hakuzitaja. Ningemshukuru kwa hilo, lakini nikamtazama vizuri kwanza.

Nikaweka masharti yangu, nikayaandika: kidude cha springi nikione kimefunguliwa. Kila tarakimu itakayoshushwa nioneshwe kabla. Asiniulize mtu habari za wajukuu akishika kitufe.

Kocha akakifungua kidude mkononi mwake, springi, kizibo, skrubu ya kukazia, akanipa kimoja kimoja. Niliikagua ile springi kwenye mwanga. Haikuchezewa.

"Umeridhika?"

BADO, nikaandika. ILA TUANZE.

Jumapili, 20 Aprili

Nimevuta. Nimetapika kidogo. Nimevuta tena.

Jumatatu, 21 Aprili

Nesi kaja, kaelekeza kidole kwenye tarakimu: "Naishusha, mzee, unaona?" Naona. Hakuuliza wajukuu. Alionekana ana hamu ya kuuliza.

Jumanne, 22 Aprili

Kocha kaikaza skrubu nusu mzunguko. Mnyama mwanamke huyu.

Jumatano, 23 Aprili

Mzee wa dirishani amehamishwa wodi ya kawaida. Alipopitishwa kitandani kwangu alitaka kusema kitu, ikatoka sauti ya chura. Nikamwinulia dole gumba. Siku zote nilimshuku bure. Nimebaki na dirisha tupu na mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Kumbe nilikuwa sijashuku panapostahili.

Leo mchana mhudumu alikuwa anatoa ile ndoo ya maji ya paa. Akauzuia mlango kwa mguu, mlango ukakaa wazi. Nje kuna ukumbi, na ukumbini benchi refu. Kwenye benchi kulikuwa na mwanamke amejitanda khanga, amekunja mikono, kichwa kimeegemea ukuta. Anasinzia. Nimelala na mwanamke yule ubavuni tangu ujana wangu. Namjua hata akisinzia.

Mlango ukafungwa.

Mafua! Hana mafua. Yupo hapo, hatua chache, na haingii. Nilikaa na moto huo kifuani mpaka binti alipokuja. Alikaa, akatoa chupa ya uji. Nikamwandikia: MAMA YAKO YUPO NJE. MNANIFICHA NINI?

Akaanza, "Baba, mama..."

Nikapiga daftari kwa penseli. USISEME MAFUA.

Akaweka uji chini. Akanitazama usoni, kama zamani.

"Walitukataza kukwambia mpaka upate nguvu," akasema. "Sasa sijui. Nikikosea wanisamehe. Ile mikono unayoikumbuka si ndoto, Baba. Ilikuwa mikono ya Mama."

Nilihisi tarakimu zote zinaruka. Mashine ikaanza kupiga kelele. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Nisikilize mpaka mwisho. Kabla hawajakutoboa shingo, mrija ulikuwa unapitia mdomoni. Walikuwa wameanza kukupunguzia dawa ya usingizi. Midomo yako ilikuwa imekauka, imepasuka, inatoa damu. Nesi akampa Mama kitambaa cha maji, akamwambia, mfute. Alikuwa anakufuta. Basi. Ukafumbua macho, ukamwona, Baba, ukamtazama..." Akalivuta shuka langu akaliweka sawa. "Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda. Sijawahi kumwona mtu akitazamwa hivyo. Ukamkamata mikono, ukamsukuma, ukashika mrija ukauchomoa wote. Ukabadilika rangi. Wakaja wakatutoa mbio. Mama amekaa ukumbini mikono imejaa damu ya midomo yako, anasema nimemuua, nimemuua."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Walikurudishia mrija. Kesho yake alipokuja, ulipomwona tu mapigo ya moyo yakapanda, ukaanza kujirusha. Keshokutwa hivyo hivyo. Daktari akamwomba asiingie kwanza, akasema ni kuchanganyikiwa kwa ugonjwa na madawa, wengi humshuku mtu wao wa karibu kuliko wote. Mama akasema sawa. Lakini hakuacha kuja. Anakuja asubuhi, anakaa kwenye benchi. Kocha akitoka anamsimamisha: leo amevutaje? Ulipokataa mazoezi alilia mpaka wakampa maji."

"Ningekwambia ni yeye, ungesema ni kweli alitaka kukuua," akamalizia. "Uliandika hapo, mtu aliniziba mdomo. Ningefanyaje, Baba?"

Amekwenda sasa. Uji umepoa.

Nimejaribu kuikumbuka ile mikono upya, niione inafuta. Siwezi. Bado inaziba. Akili imekubali, mwili umegoma.

Ijumaa, 25 Aprili

Kocha alisema, "Leo huvuti, unanidanganya." Nikavuta.

Nimempa binti kikaratasi ampelekee: NJOO. Karudi na jibu: "Mama anasema kwanza umwandikie kwamba hutamtazama vile."

Naweza kuahidi kuvuta springi. Macho yangu nitayaahidije? Nimeandika: SIJUI. NJOO TUJARIBU.

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuja.

Jumapili, 27 Aprili

Kaja.

Aliingia kwa mlango akasimama pale pale ndoo ilipokuwa. Kakonda. Nesi alisimama karibu na mashine, daktari mlangoni, binti katikati, utadhani wanafungua kizimba cha chui. Mimi nikamwangalia. Moyo ulienda mbio, na kengele ikalia kidogo, naye akarudi nyuma hatua. Nikainua mkono: subiri. Nikafanya kama Kocha anavyonifundisha, nikavuta polepole, nikaachia. Kengele ikanyamaza.

"Nikae wapi?" akauliza, si mimi, nesi.

Nikapiga kitanda kwa kiganja. Akavuta kiti, akakiweka miguuni, mbali na uso wangu. Kisha nikaandika maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu juzi, akasoma, akanirudishia daftari.

"Hilo limekwisha," akasema. "Daktari ameniambia ni ugonjwa. Nimeelewa, nimesamehe. Ila nikuulize, na usinidanganye kwa kuwa una tundu shingoni. Ulipokuwa unapata fahamu zako, siku zote hizi, hapo ulikuwa huna wazimu. Ulifikiri niko wapi?"

Nikaanza neno, nikalikata.

"Ulifikiri nimekutupa?"

Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Na nini tena?"

Nikaandika kweli. UMEKUBALIANA NAO.

Nilidhani atainuka aondoke. Alilisoma akalisoma, kisha akacheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani. "Mwanamume huyu!" akamwambia nesi. "Ndoa nzima, nikileta unga nyumbani anaupima. Anapima sukari! Nimemzalia, sijui kama wale watoto nao aliwaweka kwenye mizani au vipi." Nesi akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Na mimi kicheko kikanijia, na kicheko bila sauti ni kikohozi, kikohozi kikaleta makohozi, ikabidi ninyonywe kwa mrija. Yeye hakukimbia. Alisimama akaangalia mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma ya mgongo.

"Kesho nitakuja," akasema. "Kiti kitakaa hapo hapo mpaka wewe ukisogeze."

Alhamisi, 1 Mei

Nimekaa bila mashine kwa mara ya kwanza. Oksijeni tu mbele ya tundu. Nilikaa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha tumbo likaanza kuingia ndani kifua kikipanda, jasho likanitoka. Wakanirudisha. Kocha kasema ni mwanzo mzuri. Sifa zake nazipunguza kwa nusu, lakini nusu nayo si haba.

Kiti nimekisogeza. Mpaka usawa wa magoti.

Jumatatu, 5 Mei

Bila mashine asubuhi yote. Mke wangu alinisomea gazeti la juzi kwa sauti ya kuchosha kwa makusudi ili nisihesabu pumzi.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshindwa. Nilikuwa na homa kidogo. Niliporudishwa kwenye mashine nikaona raha, raha kabisa, na nikaiogopa ile raha kuliko homa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimerudi kwenye mazoezi. Kiti, usawa wa kiuno.

Jumatatu, 12 Mei

Mchana na usiku bila mashine. Imefunikwa kitambaa, imesukumwa kando. Asubuhi nilimtuma nesi aangalie kama imezimwa kweli. Akaenda, akarudi, "Imezimwa, mzee." Nikamtuma mke wangu naye. "Imezimwa." Kisha nikasema mwenyewe moyoni: basi ni mimi.

Daktari kafunga kizibo maalumu kwenye tundu, kinachoingiza hewa lakini hakiitoi, pumzi ikapitia kooni na sauti ikapita. Walinizunguka wakingoja neno. Nikasema, "Maji." Ilitoka sauti ya chura, kama ya mzee wa dirishani. Kocha alilia. Sikutegemea Kocha alie.

Ijumaa, 16 Mei

Wodi ya kawaida. Kelele. Nimelala vizuri.

Jumatano, 21 Mei

Wameliziba tundu kwa bandeji. Nikikohoa nalishika kwa kidole. Mvua zimekatika ghafla, jua linauma macho.

Jumamosi, 24 Mei

Nyumbani.

Ngazi tatu tu za barazani, lakini niliketi kwenye ya pili kupumzika kama mtu anayepanda mlima. Kocha amenipa kile kidude nije nacho, nivute asubuhi na jioni. Amesema nguvu itarudi kwa miezi, si kwa siku, na nisimtume mtu akaangalie.

Nilipoingia sebuleni nikakuta mke wangu amehamisha kiti changu, amekiweka mlangoni kabisa.

"Kiti changu kinafanya nini pale?" nikauliza.

"Kinapata hewa."

"Pale upepo... unapita... nitapata baridi..."

"Baridi gani na jua hili? Kule pembeni ulikuwa unakaa gizani unatushuku wote."

Hasira zikanipanda. Nilikuwa na jibu zuri, refu, jibu la kumaliza maneno. Nikaanza: "Nyumba hii ni yangu, na mahali pa kiti changu hapaamuliwi na..." Pumzi ikakatika hapo hapo. Nikasimama nimeshika ukuta, mdomo wazi, na nusu ya sentensi imebaki mkononi.

Angeweza kuijaza yeye. Wakati wote wa ndoa yetu amekuwa hodari wa kunimalizia sentensi na kuzishinda. Alisimama na mkono kiunoni, akanitazama. Hakunisaidia, wala hakuniambia pole. Akangoja. Nikavuta mara moja, nikavuta ya pili, polepole, kiwambo kikashuka, na hewa ikaingia yenyewe.

"...na mtu mwingine," nikamaliza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, sasa nisikilize na mimi," akasema, akaanza kunijibu.